Mikono ya Priscah

Alasiri ile Selipher alikuwa ameshaosha spinachi mara mbili, na bado mchanga ulikuwa unatua chini ya sinki. Aliyamwaga maji, akafungulia mengine, akaendelea kung'oa vikonyo na kutupa majani yaliyoanza kugeuka manjano. Jikoni sufuria kubwa ya maji ya chumvi ilikuwa inakaribia kuchemka. Mashine ya barafu ilikuwa imeharibika, na fundi wa hapa Riyadh alikuwa ameahidi kuja kesho, kwa sauti ileile wanayoahidi nayo mafundi wa Nairobi. Alipogeuka kuchukua chujio, alimwona Priscah kwenye mlango wa nyuma, anavua ndara.

"Maji yanachemka na wewe bado unaosha," Priscah alisema. "Mkono wako mzito, dada."

"Si wewe ulikufa?"

"Nilikufa. Wanasema sijamaliza mkataba. Nimekuja nimalize."

Selipher alimsogezea stuli, lakini Priscah hakuketi. Alichukua eproni yake, iliyokuwa ingali imetundikwa nyuma ya mlango kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kuitoa, akajifunga, akauliza kama chumvi imekolea.

Alikuwa amekufa wiki chache nyuma, katika chumba walicholala wote wawili kando ya mashine ya kufulia. Homa ilimshika wiki ambayo wageni hawakukatika. Madam Hesa alimpa Panadol, akamwambia kwa upole kwamba wageni wakiondoka atapelekwa hospitali. Madam hakuwa mtu wa makelele. Hakuna aliyewahi kupigwa katika nyumba ile, na Selipher alipozungumza kwa simu na wenzake aliokuja nao kwa ajenti mmoja, walimwambia ana bahati. Wageni waliondoka alfajiri. Priscah akapelekwa hospitali kama alivyoahidiwa, ila alikuwa ameshapoa. Tangu hapo alikuwa amelala kwenye jokofu la mochari, akingoja kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, atie sahihi asafirishwe kwao Nyamira.

Madam aliingia jikoni kutazama mambo yamefika wapi. Alimwona Priscah, akamtazama miguu, akaona amevua viatu.

"Priscah. Tayib, vizuri," alisema. "Leo wageni wengi. Yalla, haraka."

Akarudi sebuleni.

Chakula kilichomshughulisha madam miezi ile kilikuwa spinachi ya Kitaliano. Yeye na baba, kama wafanyakazi walivyomwita mumewe aliyekuwa kafili wao, walikuwa wamekwenda Roma likizo, wakala mboga hiyo katika hoteli ndogo, na madam akarudi na mapishi yake kwenye simu. Mara ya kwanza alipoletewa, Selipher aliikatakata nyembamba pamoja na vikonyo vyake, akakaanga kitunguu na nyanya, akaitia na kuifunika, kama wapikavyo watu wenye akili zao. Madam aliionja, akaimwaga yote kwenye pipa la taka. "Mafi nyanya, hakuna nyanya," alisema. "Mafi kitunguu." Kisha akasimama mwenyewe jikoni na kuwafundisha. Majani yanaingia kwenye maji yanayotokota na kutoka kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Yanatupwa kwenye maji ya barafu papo hapo, la sivyo yanaendelea kuiva yenyewe na kupoteza rangi. Yanaminywa kwa nguvu mpaka tone la mwisho. Ndipo yanakwenda kwenye mafuta ya zeituni yenye kitunguu saumu kilichopondwa, yanageuzwa kidogo, chumvi, ndimu, basi.

Siku ile hapakuwa na barafu. Maji ya bomba yalikuwa ya moto, maana tangi lilikuwa juani kutwa nzima. Selipher alishika chujio lililojaa majani yanayofuka mvuke, akatazama bakuli, akajua ataambiwa nini.

"Lete hapa," Priscah alisema.

Alichovya mikono yake kwenye bakuli. Maji yakatulia, yakawa mazito, na ukoko mwembamba wa barafu ukaanza kushika ukingoni. Selipher akayamwaga majani. Yalibaki kijani kibichi, kijani cha shamba lililonyeshewa usiku. Priscah akayaminya. Mzigo wa kukumbatia ukawa donge moja la kutosha ngumi.

"Kumbe kule kuna faida," alisema, akajitazama vidole.

Walicheka wote wawili. Hilo ndilo lililokuwa kosa lao, kwamba waliifanya kazi ile vizuri.

Wageni walikula spinachi na kuomba nyingine. Mwanamke mmoja aliyewahi kusoma Milano alisema hajaiona rangi kama ile hata huko. Madam alikuja jikoni kuuliza barafu imetoka wapi, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Fundi alipokuja, alirudishwa getini. Mashine ya barafu haikutengenezwa tena.

Basi Priscah akawa anakuja kila siku baada ya sala ya alasiri na kurudi vyombo vikishaoshwa, kwa sababu kule mochari walihesabiwa asubuhi. Mlinzi wa pale, Mkenya wa Kitui, alimwachia mlango wa pembeni na kumwomba amletee mabaki ya wali. Priscah mwenyewe hakula. Hakulala pia, wala hakuumwa. Madam aliwaambia marafiki zake kwamba Priscah amebadilika, amekuwa na bidii.

Nyumbani Nyamira mama yake alikuwa anapiga simu. Selipher ndiye aliyepokea.

"Kaburi tulishachimba, mwanangu," mama alisema. "Mvua imelijaza. Vijana wamechota maji, likajaa tena. Wanaleta mtu wangu lini?"

"Tunafuatilia, mama."

"Yuko sawa huko alipo?"

Selipher alimtazama Priscah akipangusa meza. "Yuko sawa. Ana kazi nyingi tu."

Aliyefuatilia alikuwa Elkanah, dereva, mtu wa Kitale, ambaye angalau alikuwa anakaa na baba ndani ya gari moja kila asubuhi. Alimwomba sahihi barabarani, kwenye taa nyekundu, mahali ambapo baba hangeweza kuondoka. Baba alimsikiliza vizuri. Kisha akasema kwamba yule msichana yuko kazini kila siku, watu wote wanamwona. Atamsafirishaje kama maiti mtu ambaye yuko kazini?

"Hata mimi niliona ana ukweli," Elkanah aliwaambia jikoni, amekasirika mpaka mshipa wa shingo umesimama. "Hapo ndipo alipotumaliza. Sasa nimeongea na wale jamaa zangu wa mtaa wa Karantina, kule Jeddah. Wameona mengi. Wanasema kafili hatii sahihi kwa huruma, anatia akiona hasara. Wewe Priscah, hapa una kazi moja tu wanayoitaka."

"Mikono," Priscah alisema.

"Hiyo mikono ikipata joto, wewe ni mzigo. Mzigo unarudishwa kwao."

Nafasi ilipatikana Idi ilipokaribia. Dada yake madam aliyekuwa anaishi Jeddah aliandaa karamu, na madam alikuwa ameshamsimulia habari za spinachi. Madam na baba wangepanda ndege. Wafanyakazi, masanduku na chupa za mafuta ya zeituni wangekwenda kwa gari. Kule mochari Priscah aliaga kwamba amepewa safari ya kikazi.

Walipouacha mji wa Riyadh nyuma, Elkanah alizima kipoza hewa na kufungua madirisha yote. Jangwa likaingia ndani ya gari. Selipher, aliyeketi nyuma na Priscah, akaichukua mikono yake na kuiweka katikati ya mapaja yake mwenyewe, akaifunika kwa mikono yake. Ilikuwa kama kushika nyama iliyotoka friza. Baada ya muda mfupi viganja vya Selipher vilikufa ganzi, lakini hakuachia.

"Aki mnanipika," Priscah alisema.

"Tunakupeleka nyumbani."

"Nyumbani kwa njia ya Jeddah. Ni ajenti gani amepanga hii safari?"

Elkanah alicheka mpaka gari likayumba. "Wewe nyamaza uive," alisema.

Maji yalianza kumdondoka vidoleni na kulowesha zulia la gari. Jua lilipokuwa utosini, kucha zilirudisha rangi kidogo. Walipoanza kuteremka milima ya Taif, vidole vilikuwa vinakunjika, na Priscah alikuwa ameacha mizaha. Alikuwa ameegemea kioo, meno yanamgongana.

"Nini?" Selipher aliuliza.

"Ile homa. Imerudi."

Selipher akafungua mikono.

"Usiachie."

"Lakini unaumwa."

"Niliumwa wiki nzima nikikaanga sambusa za watu," Priscah alisema. "Hii ni yangu mwenyewe. Shika."

Selipher akashika. Elkanah aliendesha bila kugeuza kichwa mpaka joto lenye chumvi la Jeddah lilipowapokea. Kabla ya kushuka, Selipher alimpigia simu mama kule Nyamira, akamwambia watu waanze kutafuta hema la mazishi.

Jioni ile jikoni kwa dada yake madam mlikuwa na barafu tele, lakini dada aliifungia kwa kufuli, kwa sababu alitaka kuwaonyesha wageni kwamba haitumiki. Wanawake kadhaa walisimama mlangoni kutazama, wamebeba simu zao. Priscah alichovya mikono kwenye bakuli. Maji yalibaki maji. Selipher akayamwaga majani, na majani yakaendelea kuiva taratibu mbele ya macho ya watu, yakawa rangi ya majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Priscah aliyaminya hivyohivyo, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Walitia mafuta, saumu na ndimu, wakaandaa.

Wageni walikula nyama na wali. Spinachi ilirudi jikoni jinsi ilivyokwenda.

Madam Hesa aliifuata nyuma. Selipher alisimama wima, akingoja makelele ambayo hayakuwahi kutoka katika kinywa kile. Madam aliichukua mikono ya Priscah. Katika muda wote ambao Priscah alikuwa ameishi na kufa katika nyumba yake, hakuwa amewahi kumgusa.

"Maskini," alisema. "Moto sana."

Akamwita baba. Baba naye akaigusa, kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Waliongea kwa sauti ya chini. Kisha baba akatoka nje kwenye ua, akapiga simu, na Selipher akamwona kupitia dirishani akisikiliza na kuitikia, kuitikia na kusikiliza, mwisho akasema halas, basi, imekwisha.

Idi ilipokwisha, huko Riyadh, baba alitia sahihi. Elkanah, aliyekuwa amerudi na Priscah kwa gari, alikuwa amempeleka hospitali mwenyewe na kusimama nyuma yake dirishani. Sahihi iliyosubiriwa kutoka kabla ya Idi ilichukua muda wa mtu kupiga chafya. Karani alifurahi, kwa maana nafasi za mochari zilikuwa chache. Elkanah alimtumia Selipher ujumbe: amemwachilia. Selipher, aliyekuwa anarudi kwa ndege na madam na mizigo ya mkono, aliusoma kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege na kulia hadharani, bila kujali.

Alipofika nyumbani, alikuta wanaume wawili wa duka wanaondoa karatasi za nailoni kwenye friza jipya. Lilikuwa refu, jeupe, la kufunguliwa juu, nalo lilikuwa limewekwa pale kando ya jiko ambapo mashine ya barafu ilikuwepo. Priscah alikuwa amesimama pembeni, amefunga eproni. Elkanah alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, ameinamisha kichwa, na alikataa chai.

Madam aliwaeleza kwa uvumilivu namna ya kupunguza na kuongeza baridi. Alisema kwenda na kurudi kule mochari kila siku kulikuwa kunamchosha Priscah, na yeye hakupenda mfanyakazi wake ahangaike. Sahihi ya baba ilikuwa ya kumtoa kule; sasa atalala hapahapa.

"Madam," Selipher alisema, na kiswahili, kiarabu na kiingereza vikamtoka kwa pamoja, "mama yake anamngoja. Amzike. Mkataba umeisha. Uliisha tukiwa Jeddah."

"Baba ameshauongeza," madam alisema. "Inshallah, huu ukiisha."

Simu ya Selipher ilikuwa inalia mfukoni. Ilikuwa namba ya Nyamira. Aliiacha ilie mpaka ikachoka.

Priscah alizunguka friza, akachungulia ndani, akalipima kwa mkono. "Ni kubwa kuliko lile la kule," alisema. "Kule miguu ilikuwa haitoshi." Akaingia kama mtu anavyoingia kitandani, mguu mmoja kwanza, akajilaza ubavu, akavuta eproni ifunike magoti. Mikono aliiweka juu, viganja wazi, ishike baridi mapema.

"Usifunge kabisa," alimwambia Selipher.

Selipher alitafuta kitu cha kuzuilia, akachukua mwiko, akauweka kati ya kifuniko na ukingo. Ukabaki upenyo wa kupitisha vidole. Baridi ikaanza kutoka hapo na kutambaa sakafuni, na Selipher akavuta stuli, akaketi, miguu yake ndani ya ule ukungu.

Madam alirudi kuchukua ufunguo aliousahau kwenye kabati. Aliona ule upenyo, akainama, akautoa mwiko. Alikibana kifuniko kwa viganja viwili mpaka mpira ukashika pande zote.

"Umeme unapotea," alisema kwa upole, akamrudishia Selipher mwiko, akamwambia abandike maji, kesho kuna wageni.