Farasi Mnono wa Mheshimiwa

Miaka yote Irine alipokuwa Uchina, nyanya yake Filister aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba mjukuu anasomea madaraja. Hakuwa anadanganya, alikuwa anakisia. Watu wakisikia Uchina wanafikiria madaraja na simu. Kumbe Irine alirudi kwao Rangwe na kitambaa cha hariri, brashi za manyoya ya mbuzi na habari za farasi.

"Na huyo farasi anakwenda wapi?" Filister aliuliza.

"Haendi, Dani," Irine alijibu, akimwita nyanya kwa Kijaluo. "Anachorwa tu."

Filister alishusha pumzi akaenda kuchemsha chai. Mtoto hupokewa na alichokuja nacho.

Bahati nzuri, chuo cha ufundi cha wadi kilitaka mwalimu wa kuchora, wa kuwafundisha vijana wa mabango na mafundi cherehani. Bahati mbaya, jina la mwalimu lilipaswa kupita kwa mwakilishi wa wadi, Mheshimiwa Maranga. Naye alikuwa amesema wazi: "Anichoree farasi kwanza, niwaonyeshe wageni kwenye sherehe yangu. Akinipendeza, tutaongea mambo ya kazi."

Basi Irine akawamba hariri kwenye fremu ya mbao pale sebuleni, akaipaka gundi yenye shabu ili wino usitambae. Kazi ya Filister ikawa kufukuza kuku, maana kuku hana heshima na hariri. Farasi wa kwanza akatokea: makalio kama magunia mawili ya mahindi, shingo nene, macho ya kusinzia. Filister akapiga makofi. Halafu akatokea wa pili, kichwa chini, mbavu nje.

"Huyu naye ana minyoo?"

"Ni mambo ya wasomi wa zamani, Dani. Walikuwa maafisa wa mfalme. Mchana wanagonga mihuri, jioni wanachora farasi. Na kuuza picha kwao ilikuwa aibu."

"Wake zao walikuwa wanapika nini? Aibu?"

Irine alicheka mpaka akainua brashi isidondoshe wino. "Sikiza basi. Walikuwepo waliochora mnono na mkondefu pamoja. Mnono ni afisa aliyekula mali ya watu. Mkondefu ni yule aliyekubali kukonda ili watu washibe."

Filister aliketi polepole. "Na picha hii inakwenda kwa Maranga."

"Ndiyo."

"Maranga mwenye lile tumbo."

"Ndiyo, Dani."

"Futa."

"Hariri haifutiki. Wino ukishaingia, umeingia."

"Basi huyu wa pili mwongezee nyama! Irine, kazi unaitaka ama huitaki?"

"Naitaka sana. Ndiyo maana sitaki kuianza na uongo."

Filister alimfukuza kuku ambaye hata hakuwa amekaribia. Wasomi wamekufa zamani, aliwaza, lakini bado wanaharibu watoto wa watu.

Siku ya sherehe wapiga ngoma za ohangla walikuwepo, na kama ilivyo desturi, mtu akijisikia husimama, ngoma zikanyamaza, akajisifu kwa majina mpaka aridhike. Shuka lilipoondolewa kwenye picha, Maranga aliinama, akatazama, akainuka.

"Sasa mimi ni yupi hapa?"

Irine akafungua mdomo. Filister akamkanyaga mguu, na si kidogo. Lakini Maranga hakungoja jibu. Alishika kipaza sauti, akanyamazisha ngoma.

"Mimi ndiye yule mwenye afya! Farasi aliyeshiba, mtoto wa Rangwe, nakanyaga ardhi inatetemeka! Huyo mwenye mbavu ni mpinzani wangu!"

Watu wakashangilia. Ndipo Edinah, muuza omena, aliposimama naye akainua mkono ngoma zinyamaze.

"Na mimi ndiye mkondefu! Nabeba mzigo, mwingine anatafuna nyasi!"

Kicheko kilichotoka hapo kiliangusha viti. Maranga alicheka kuliko wote. Picha ikapelekwa kutundikwa ofisini kwake. Kuhusu kazi alisema, "Nitafikiria."

Alifikiria mpaka mhandisi Mchina wa barabara alipoingia ofisini kumsalimia. Mgeni aliiona picha, akamwangalia Maranga, akairudia picha, akacheka mpaka akavua miwani afute macho. "Farasi wazuri sana," alisema, akaondoka bila hata kueleza habari za barabara.

Alasiri hiyo hiyo gari la Maranga lilisimama mlangoni kwa Filister. Nyanya alikuwa nje anachagua maharage. Ndani, Irine aliacha kusaga wino.

"Mama, yule Mchina alicheka nini?"

Uongo ulimjia Filister wa kila aina, mwingine mzuri kabisa. Akaupepeta, akaumwaga.

"Kwao, mnono ndiye aliyekula mali ya watu."

"Kwa hiyo mlinitukana!"

"Sisi tulichora farasi, mwanangu. Wewe ndiye uliyeshika kipaza sauti ukachagua."

"Huyo msichana hatapata hata kazi ya kufagia!"

Filister alipata kijiwe kwenye maharage, akakitupa kando bila haraka. "Sawa. Na watu wakiuliza kwa nini? Walikuona ukiifurahia. Ukimnyima kazi leo, watajua umeielewa picha na umejiona ndani yake. Ukimpa, watasema tu Mheshimiwa wetu hajui mambo ya Uchina. Hiyo si dhambi, hata padri hajui."

Maranga alitazama kulia na kushoto kuona kama kuna jirani anayesikia.

"Aanze Jumatatu," akasema mwishowe. Kisha akainama, sauti ikawa ya chini. "Lakini Mama, yule mkondefu... hawezi kuongezewa hata nyasi kidogo pale miguuni?"

"Nyasi zinawezekana!" Irine akaitikia kutoka ndani.

"Zinawezekana," Filister alisema, akirudia maharage yake. "Lakini mnono amesimama pale pale, Mheshimiwa. Nani atamzuia asizile?"