Gari la Mkunga

Mkaguzi wa maonyesho ya magari ya zamani alitoka uvunguni mwa gari la mkunga mstaafu akijipangusa magoti.

"Mama, cha asili hapa ni usukani tu. Injini, milango, sakafu, vyote vimebadilishwa. Hii ni nakala."

Akatoa kibandiko chekundu chenye neno hilo ili akibandike kwenye kioo. Mkunga akamshika mkono.

"Mlango huu niliuvunja nikikwepa shimo, na kwenye kiti cha nyuma kuna mama ameshikwa na uchungu. Injini ya kwanza ilikufa kwa kupanda milima kufuata wajawazito. Ulitaka niliache lioze ndipo liwe la kweli?"

"Kanuni ndizo zinazosema, mama, si mimi."

"Basi kazibandike kanuni zako kwingine."

Bintiye, fundi aliyelichomelea gari hilo kwa miaka minane, alimvuta kando. "Mama, tukubali yaishe. Angalau litaonekana."

"Litaonekana, lakini si kwa jina hilo."

Akaingia, akawasha, akatoka getini na kuliegesha ng'ambo ya barabara. Akafungua boneti, kisha akaandika kwa herufi nene kwenye kipande cha boksi: LIMEBADILISHWA KILA KITU. NIULIZENI KWA NINI.

Watu wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, halafu makundi. Hadi jioni sauti ilikuwa imemkauka, na bado alikuwa akisimulia jinsi giaboksi ya tatu ilivyopatikana. Binti alimletea kiti. Mkunga akakataa kukaa.