Mgeni Ataondoka Lini?

Tabea alikuwa na miaka minne, na swali lake alilitoa huku kinywa kimejaa ugali.

"Mama, huyu mgeni ataondoka lini?"

Mgeni mwenyewe alikuwa Elieza, baba yake mzazi, aliyeketi ng'ambo ya moto na kunyoosha mkono achukue mboga. Mkono uliishia njiani. Dorika, mkewe, alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimkaripia mtoto, akamwambia huyu si mgeni, ni baba yako. Tabea akamtazama Elieza kwa adabu yote ambayo mtoto hufundishwa kumtazamia mgeni, kisha akaendelea kula.

Mtoto ungemlaumu kwa lipi? Alizaliwa baba yake akiwa Tanga anakata mkonge. Baba alirudi, akakaa msimu mmoja, akaondoka tena kabla binti hajasimama dede. Sasa alikuwa amerudi mara ya pili, na tayari alishasema kwamba lori la manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, likija Makambako baada ya mavuno, atalipanda.

Nyumba nyingi za Igominyi zilikuwa hivyo wakati ule wa Mwingereza. Kodi ya Bwana Shauri haikujali kama mahindi yamekauka au bado, na fedha ya kuilipa ilikaa mbali, pwani huko. Wanaume waliifuata. Wanawake walibaki na mashamba, na watoto, na baridi ya Njombe, ambayo mtu asiyeijua huidhani hadithi mpaka imtoe machozi. Na kama mwanaume alisitasita, alikuwapo Lukas, jirani yao, mtu wa maneno matamu kama asali ya nyuki wadogo. Mara ya mwisho Lukas alikaa hapo hapo kwenye moto wa Dorika, akala ugali wa Dorika, akamsifia Elieza uzuri wa Tanga mpaka Elieza akafunga mzigo. Dorika alimpa hadi ukoko.

Wiki ile ile ya swali la mtoto, Emerensiana alimletea habari. Huyu alikuwa rafiki yake, Mkatoliki wa upande wa Uwemba, na urafiki wao ulianzia sokoni Njombe walikouza viazi bega kwa bega, Mlutheri na Mkatoliki, bila kugombania mbingu wala wateja.

"Dada, kuna kampuni mbili Makambako," alisema kabla hata hajaketi. "Zinatafuta wanawake wa kuuza bidhaa zao majumbani. Huna haja ya duka. Unakaa kwako, watu wanakuja. Moja ni ya mafuta ya kujipaka, inaitwa Mng'aro, tajiri kabisa, ina gari lenye picha ya mwanamke ubavuni. Nyingine inauza nyuzi za sufu. Hiyo sijui ina nini. Haina hata kibao."

"Wewe mbona huendi?"

"Mimi? Wanataka mwanamke mwenye heshima. Ulimi wangu wanaujua mpaka Wanging'ombe."

Jioni Dorika alimkabili mumewe. "Baba Tabea, nikipata kazi ya kutulipia kodi nikiwa hapa hapa nyumbani, utapanda lori?"

Elieza aliutazama mguu wake wa kulia, wenye kovu nene la mwiba wa mkonge. "Nani anaupenda mkonge, mama? Nipe sababu ya kubaki, nitabaki. Lakini iwe sababu ya kweli. Kodi hailipwi kwa matumaini."

Wakakubaliana. Siku ya lori ndiyo ilikuwa pia siku ya soko Makambako. Wangekwenda pamoja kwa basi, mtoto akae kwa bibi yake. Dorika angezitazama kampuni zake, na Elieza angebeba mzigo wake wa safari, endapo kazi ingekosekana. Neno hilo "endapo" lilimkaa Dorika kichwani njia nzima.

Watu wa Mng'aro walikuwa wamepanga ghala nzima karibu na njiapanda. Gramafoni ilikuwa inaimba, chai ilikuwa na maziwa, na maandazi yalikuwa bure. Elieza alibaki barazani na wanaume wengine. Bwana wa kampuni, Anania, alivaa tai na viatu vilivyong'aa kuliko hayo mafuta yake. Akazungumza, na jamani, alijua kuzungumza! Alisema siku za mwanamke kuinamia jembe zinakwisha. Akainua mwavuli mwekundu, akasema kila mwanamke atakayejiunga leo atapewa mmoja kama huu.

"Akina mama," alisema, "kuuza mafuta ni kazi ndogo. Mimi nawapa kazi kubwa. Kila mwanamke utakayemleta ajiunge, wewe unalipwa. Na yeye akileta wenzake, unalipwa tena. Unakaa kwako na mwavuli wako, kichwa baada ya kichwa, fedha inaingia."

Sharti lilikuwa moja tu: kila anayejiunga anunue kwanza sanduku zima la mafuta.

Dorika alichangamka, tusimfiche. Alijiona na mwavuli. Alianza kuwahesabia kichwani watu wake: Emerensiana, mama mkwe, kwaya yote ya usharika, mke wa mwinjilisti. Kila mmoja na sanduku lake. Hapo ndipo wazo dogo lilipomchoma, akalisema kwa sauti kabla hajaliogopa.

"Samahani, bwana. Tukishakuwa wauzaji sote, atakayenunua ni nani?"

Watu wakacheka. Anania akacheka zaidi yao. "Mama huyu ana akili! Wewe leta watu tu, mama. Mafuta yatajiuza."

Akampa kalamu. Dorika alisema anatoka kidogo amwulize mumewe, kwa maana jibu la kicheko halikumshibisha.

Nje, upande wa pili wa barabara, lori la manamba lilikuwa limesimama. Karani alikuwa juu ya sanduku, akiita majina, na kila mwanaume aliyeitwa alipewa blanketi na kupanda. Kando ya karani alisimama Lukas. Kila mwanaume wa Igominyi alipopanda, karani alimwekea Lukas sarafu mkononi. Lukas hakuwatazama waliopanda. Alitazama mkono wake.

Dorika alisimama pale pale, kijasho kikamtoka na baridi yote ile. Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa! Ugali wake, moto wake, mpaka ukoko wake, na mwenzake alikuwa amekuja kumchukua mtu kwa bei. Hasira ilimpanda, kisha ikamgeukia mwenyewe, kwa sababu vidole vyake bado vilikuwa vinahesabu kwaya.

Akarudi ndani, akamrudishia Anania kalamu yake. "Mwavuli mzuri, bwana," alisema. "Lakini mimi watu wangu siuzi."

Elieza alimwona anatoka mikono mitupu, akaubeba mzigo wake begani. Dorika alimshika mkono kwa nguvu. "Bado mmoja," alisema.

Wakala wa nyuzi alikuwa mwanamke, Vestina, na ofisi yake ilikuwa chumba cha uani nyuma ya duka la Mhindi. Hapakuwa na gramafoni wala andazi. Kulikuwa na madonge ya uzi wa sufu hadi darini, ya bluu, ya kijani, ya rangi ya udongo.

"Kamwene," aliwasalimu, kisha akaingia kazini moja kwa moja. "Nakupa uzi bila fedha. Ukiuza, sehemu yako unachukua. Usipouza, unanirudishia, hatugombani. Utajiri sikuahidi. Baridi ya Njombe ndiyo itakayokupigia debe. Lakini sharti ujue kufuma, uwafundishe wanunuzi. Asiyejua kufuma uzi ataufanyia nini? Atafungia kuni?"

Dorika mambo mengi alijua, kufuma hakujua. Vestina akampa sindano mbili na donge la uzi, ajaribu. Dorika akajaribu. Uzi ukajiviringisha, sindano moja ikamtoka, ikabingiria chini ya kiti.

"Mwezi mmoja, miwili, utajua," alisema Vestina kwa upole.

Miezi miwili! Na huko barabarani lori lilikuwa linawashwa. Mara ikasikika sauti tamu ya Lukas ikiita: "Elieza! Elieza wa Igominyi! Ndugu yangu, wakuache?"

Elieza alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake. Alimtazama mkewe aliyepiga magoti akitafuta sindano chini ya kiti. Akautua mzigo.

"Unaishika kama mpini wa jembe," alisema. "Hebu."

Akaketi. Akachukua sindano, akapiga vitanzi vya kwanza, vikajipanga sawasawa kwenye sindano. Akageuza, akafuma mstari, akageuza tena. Mikono ile mikubwa iliyojaa makovu ilikwenda haraka, bila kuvuta wala kulegeza. Vestina akaacha kupanga madonge yake. Dorika akabaki kwenye magoti, mdomo wazi.

"Nilipochomwa na mwiba nililazwa hospitali ya shamba la mkonge," Elieza alisema, macho yakiwa kwenye uzi. "Jirani yangu kitandani alikuwa Mkinga mmoja wa huko Kitulo, askari wa zamani wa vita. Yeye alifundishwa na wauguzi wa jeshi. Tulikuwa na soksi moja kuukuu. Tulikuwa tunaifumua na kuifuma, tunaifumua na kuifuma, siku zisonge."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikwenda Tanga nikajifunza kazi ya wanawake?"

"Elieza!" Lukas aliita tena. Honi ikalia.

Dorika hakuinuka. Alisema pale pale alipokuwa, na hakujali kama Vestina anasikia. "Mtoto anakuita mgeni, Baba Tabea. Na mimi nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai. Mimi nitauza. Wewe utafuma na kunifundisha."

"Wanaume watanicheka."

"Wacheke wakiwa wamevaa sweta."

Elieza akafuma mstari mwingine, mpaka mwisho, akageuza. Nje lori likang'oka, likashika njia ya Iringa. Kelele yake ilipopotea alikuwa bado anafuma, machozi yanamtiririka, na sijui kama alijua.

Sasa usidhani walitajirika mwezi uliofuata. Mwezi uliofuata nusura Dorika aue biashara kwa ukarimu wake. Watu walikuja kuona nyuzi, na kwa Wabena mtu akishaingia kwako ni mgeni, na mgeni humtajii bei. Dorika aliwapa togwa, akawapa viazi, wakashiba, wakashukuru, wakaaga. Nyuzi zilikaa kwenye kapu na togwa ikaisha mtungini.

Emerensiana ndiye aliyemwokoa. "Wewe nawe! Wageni unawasindikiza, husindikizi?"

"Nasindikiza."

"Basi wakishaaga si wageni tena. Ndani lisha. Njiani uza."

Tangu hapo Dorika alisindikiza watu kwa moyo usio kifani. Alikwenda nao mpaka kijitoni, kapu mkononi, na biashara yote aliifanya kwenye kile kinjia, huku anapuliza vidole kwa baridi. Wanawake walirudi kujifunza kufuma, wakamaliza uzi, wakarudi kuchukua mwingine. Polepole, haba na haba, kodi ya mwaka ule ikalipwa, na haikutoka Tanga.

Elieza alianza kufumia ndani, mlango umefungwa, na sweta zake watu wakazisifu kuwa za Dorika. Walipogundua, walicheka, ndiyo. Kilabuni walimwita Mama Elieza mpaka wakachoka. Emerensiana aliwajibu kwa niaba yake, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe sindano, na kwamba mwenye mke aliyeachwa peke yake miaka mitatu asifungue kinywa. Baridi ya Julai ilipowakaza, wakaja mmoja mmoja kupimwa mabega.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Lukas alikuja. Alikuwa ametoka mbali, amevaa shati tupu, ukungu umemlowesha. Kwenye ua alimkuta Tabea, na sweta yake ya bluu, akichezea kipande cha uzi.

"Mtoto, Elieza yupo?" aliuliza kwa sauti yake ile tamu.

"Baba yupo ndani," Tabea alisema. "Baba anafuma."

Neno hilo Dorika alilisikia kutoka jikoni, na mwiko ukamtulia mkononi. Alikuwa amelisikia mara nyingi siku hizi, na bado hakuwa amelizoea.

Elieza alitoka, sindano mkononi, mlango wazi nyuma yake. Alimtazama Lukas anavyotetemeka kwa baridi. "Karibu ndani, jirani," alisema. "Ugali upo. Tanga sitaki kuisikia."

Lukas aliingia, akaketi karibu na moto, akanyoosha mikono yake. Tabea alimfuata, akapanda mapajani kwa baba yake, akajiegemeza kifuani. Akamtazama Lukas kwa adabu yote ambayo mtoto hufundishwa kumtazamia mgeni.

"Wewe," alimwuliza, "utaondoka lini?"