Chungu cha Sajini Tranter

Mjini kwetu mwanamume hupiga kura kwa chungu. Asiyechemsha chungu chake juu ya moto wake miezi sita mfululizo hana kura. Ndiyo maana wakati wa uchaguzi utaona wazee wazima barabarani wanakoroga nyama ya kondoo ili waonekane. Chumvi ilipo hawajui.

Kanali Lidgate alikuwa mbunge wetu miaka ishirini. Mkono wa kushoto aliuacha vitani Ujerumani. Alipopinga bungeni vita vya mfalme na makoloni yake ya Amerika, wakubwa wakamnyang'anya kikosi chake. Akabakiwa na kiti cha bunge tu, nacho kilitakwa na kijana tajiri, mpwa wa meya, ambaye bunduki aliijua kwa kuwindia bata.

Machi ya mwaka wa uchaguzi jirani yangu Sajini Tranter, aliyembeba kanali mgongoni siku alipopoteza mkono, alishikwa na kikohozi.

"Lala, mzee," nikamwambia. "Utakula kwangu."

"Na chungu changu, Keziah?"

"Hicho hata panya wamekihama."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamlisha supu wiki mbili.

Kura zikahesabiwa: kanali arobaini na moja, kijana arobaini. Wakili wa kijana akasimama kupinga kura ya Tranter.

"Sajini, ulipougua ulikula nini?"

"Supu ya Keziah."

"Ilipikwa wapi?"

Tranter hajui uongo. Mimi naujua, na nilikuwa nimesimama palepale, lakini nani amwulize mwanamke? Kura yake ikafutwa. Zikawa sawa kwa sawa, na meya, msimamizi wa uchaguzi, akampa mpwa wake kura ya kuamulia.

Jioni kanali alikuja kwa Tranter. Mzee alikuwa ameinamia meza, analia.

"Afande, nimekuangusha."

"Ulishanibeba mara moja, Tranter. Ya pili ningekuwa mlafi." Akanigeukia. "Supu yenyewe ilikuwa tamu?"

"Chumvi ilizidi, bwana," nikasema.

"Basi tumepata hasara mara mbili."

Alicheka peke yake. Kabla ya majani kupukutika tulimzika kanali. Hakukuwa na kikosi cha kumpigia risasi za heshima. Tranter tu, amesimama wima kwenye mvua na kofia mkononi.

Siku hizi Tranter huwasha moto wake kila asubuhi, hata awe na homa. Mimi humpelekea mifupa na karoti, mbichi. Naviweka mlangoni, naondoka.