Neno Ambalo Dokta Elio Hakulifundisha

Saa tano kasorobo, baada ya kumpa Dokta Elio dawa yake ya presha, Chebet aliugeuza tena mkebe wa mrehani. Mkebe ulikaa kwenye korido isiyo na dirisha, na mrehani ulikuwa umelalia upande wa chumba cha mzee. Alipomsukuma mzee hadi sebuleni kwa kiti chake cha magurudumu, mmea nao ukaanza kupinda kuelekea sebuleni. Chebet aliandika kwenye daftari la mgonjwa: presha sawa, choo sawa, mrehani umegeuka. Siku ya Ijumaa mzee alitia sahihi chini ya ukurasa kama kawaida yake, kiduara chenye nukta katikati.

"Hiyo ndiyo alama ya jua ya watu wa kale, mwanangu," alimwambia.

Alikuwa Mwitaliano. Alikuwa na zahanati Malindi kwa miaka kumi na minane kabla ya kuhamia Doha, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Chebet, mzaliwa wa Kericho. Sasa miguu ilikuwa imemgomea, na binti yake alimpangia nyumba ghorofa ya nne pale The Pearl, mtaa wa matajiri ufukweni, mkabala na maegesho ya boti. Kutwa alimfundisha Chebet maneno. Wagiriki waliliita jua helios, alisema, na neno hilo likazaa watoto wengi. Heliamu, gesi iliyoonekana kwenye mwanga wa jua kabla haijapatikana duniani. Perihelio, pale dunia inapolisogelea jua. Afelio, inapokuwa mbali nalo. Heliotropia, tabia ya mimea kuligeukia jua.

"Na Elio?"

"Huyo ni ndugu yao. Herufi mbili tu zimedondoka njiani."

Juma la pili la Juni, watu sita wenye ovaroli za bluu walisimama kando ya maegesho wakiwa wameinua nyuso zao hadi ghorofa ya nne. Chebet alipomsukuma mzee kutoka sebuleni kwenda chumbani, nyuso zote sita zilimfuata mzee kwa nje, polepole, dirisha hadi dirisha. Akashuka kwa lifti kumuuliza Reuben, askari wa mlangoni.

"Wako tangu asubuhi," Reuben alisema. "Niliogopa kwa sababu ya ile sheria ya kutofanya kazi nje mchana. Meneja wa jengo amesema hawafanyi kazi, wamesimama tu. Tena hawana vivuli, kwa hiyo nisiwaandike kitabuni."

Kufikia Jumatano walikuwa ishirini na wanne. Wenye boti waliwapita kwa adabu, wakisema samahani.

Siku ya tisa Chebet alimwona miongoni mwao mdogo wake, Wesley. Alimtambua kwa namna alivyosimama, mguu mmoja ukiwa umeegemezwa juu ya mwingine, kama alivyosimama tangu utotoni akichuma chai. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, Chebet alikuwa amelisindikiza jeneza lake hadi kwao. Wenzake wa kazi ya ujenzi hapa Doha walisema walimshusha kutoka juu ya paa saa nane mchana, jasho limekauka, mwili una moto kama sufuria. Cheti cha daktari wa kampuni kilisema moyo ulisimama, kifo cha kawaida.

Alimpelekea chupa ya maji kutoka kwenye friji. Wesley alipoishika, maji yalianza kuchemka ndani.

"Dada, umekonda," alisema, bila kushusha uso.

"Mnataka nini hapa, Wesley?"

"Hatutaki kitu. Tunageuka tu."

Chebet alipanda juu. Ndani ya lifti alifungua kwenye simu ile picha ya cheti, ambayo hakuwahi kuitazama tena tangu mazishi. Chini kabisa palikuwa na kiduara chenye nukta katikati.

Alimkuta mzee akimalizia tikiti maji. Akaiweka simu mapajani pake, akasimama mbele yake.

"Huyu ni mdogo wangu. Alikufa kwa nini?"

Mzee aliisoma polepole. "Moyo ulisimama."

"Kila anayekufa moyo wake husimama, dokta. Wa huyu ulisimamishwa na nini?"

Mzee alitazama nje, na nje wale watu walimtazama. Akajifuta maji ya tikiti mkononi.

"Kuna neno," alisema. "Heliosisi. Ni ugonjwa wa kupigwa na jua. Laiti ningeliandika hata mara moja, ingebidi kampuni ijenge kivuli. Wakubwa wake walinisihi nisiliandike."

"Liandike sasa."

Mzee aliliandika kwenye karatasi, pamoja na jina kamili la Wesley, akatia sahihi. Chebet alifurahi, kisha akajiona mjinga kwa kufurahi, kisha akaikunja karatasi mara mbili na kuificha ndani ya kifuniko cha simu.

Siku yake ya mapumziko aliipeleka ofisi ya kampuni aliyofanyia kazi Wesley, mtaa wa Al Sadd. Karani, kijana Mkenya aitwaye Eugene, aliisoma kwa heshima hadi mwisho.

"Pole sana, dada," alisema. "Faili lilifungwa. Na daktari mstaafu hawezi kubadilisha cheti."

"Hao watu wako pale nje kwake. Nenda ukawaulize."

"Najua wako. Tumepata barua kutoka kwa meneja wa jengo." Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Jioni Chebet aliwapitia. Walikuwa wamefika sitini. Akamsogelea Wesley, akamwambia neno lile sikioni, silabi moja baada ya nyingine. Wesley alilirudia kwa sauti ndogo.

"Zuri," alisema. "Kama jina la mtu."

Kisha uso wake ukahama kidogo kuelekea kushoto, kwa kuwa huko juu binti wa mzee alikuwa akimpeleka baba yake kuoga.

Asubuhi iliyofuata mafundi wa jengo walichora mstari wa njano kando ya maegesho ili watu hao wasizuie njia. Reuben aliwaomba wasogee nyuma ya mstari huo. Wesley alirudi hatua mbili, akavipanga viatu vyake sawasawa nyuma ya mstari.