Meza Iliyosimama Kwangu

Wivu nilikuwa nao, na sitaki mtu mwingine anisemee. Nilikuwa nao tangu siku Kingori, mume wangu, alipomleta Ngendo awe mke wa pili na kumjengea kule juu karibu na barabara, hata kanisa likamzuia Kingori asishiriki Meza ya Bwana. Wanawake wa kanisa walinihurumia. Mimi sikutaka huruma. Nilitaka Ngendo ateleze kwenye matope achukuliwe na mto Gura, lakini miguu yake ilikuwa imara kuliko ya mbuzi.

Miaka hiyo Kingori alikuwa seremala mjini Nyeri, katika karakana ya mzee Huseni kule Majengo. Alikuja nyumbani Jumamosi na kurudi Jumatatu alfajiri. Jumamosi moja ilikuwa yangu, iliyofuata ya Ngendo, na zangu niliziwekea alama ya mkaa kwenye kalenda ya jikoni. Mwaka wa sitini na saba macho ya Huseni yalififia, akafunga karakana. Kingori akaja nyumbani na sanduku la vyombo: randa tatu, misumeno, patasi, na jiriwa nzito ya chuma ya kubania mbao, ambayo mzee alimpa wakati wa kuagana.

Alituita mimi na Ngendo tukae naye uani.

"Sasa nitafanya kazi hapa hapa," alisema. "Lakini kwanza nitengeneze meza ya fundi. Ya maana. Huwezi piga randa kwa meza inatetemeka."

Akatuonyesha kwa mikono. Miguu minene kama paja lake, juu mbao za inchi tatu, bila msumari hata mmoja. Uzito wake uwe wa kushinda wanaume wanne.

"Hiyo meza mahali itasimama, imesimama," alisema. "Haiwezi toka tena."

Mimi nilisikia hilo tu. Mahali meza itakaposimama ndipo Kingori naye atakaposimama, asubuhi hadi jioni, kila siku ya Mungu. Nilimtazama Ngendo, nikajua naye amesikia.

"Kwangu ni karibu na barabara," alisema kwa sauti yake ile ya asali. "Wateja wataona kazi yako wakipita."

Lilikuwa neno la kweli, na kwa sababu lilikuwa la kweli damu yangu ilichemka.

"Kwangu kuna muiri," nikasema.

Kingori aligeuka haraka. Muiri ule ulikuwa chini ya shamba langu, karibu na kijito, mti mzee wa mbao nyekundu ngumu. Mwaka uliotangulia aliniomba ukatwe, nikakataa, nikisema magome yake ni dawa ya watoto wangu. Siku hiyo nilisahau dawa. Nilimwambia auangushe kesho akitaka.

Ulikatwa, ukapasuliwa na wanaume wawili wa Naro Moru kwa msumeno mrefu, na mbao zikapangwa nyuma ya nyumba yangu chini ya mabati, vijiti katikati ili upepo upite. Zilipaswa kukauka zaidi ya mwaka. Kila wiki Kingori alikuja kuzigeuza, nami nilihakikisha chai iko tayari. Siku moja, nikimmiminia, nikamuuliza kama mchezo meza itasimama wapi.

"Bado nafikiria. Pengine mbao itoke kwako, meza ikae kwa Ngendo. Kule kuna barabara."

Nilikaribia kummwagia chai mapajani. Mti wangu! Nikae nikisikiliza mti wangu ukigongwa kwa mwanamke mwingine?

Kesho yake Ngendo alikwenda sokoni. Mimi nilichukua kiondo, nikashuka hadi kwenye uzio wa zamani, nikatafuta kigogo kilichooza kilichojaa mchwa. Nilikibeba kama mtu anayepeleka viazi kwa jamaa. Nikakizika nyuma ya nyumba ya Ngendo, ukutani kabisa, nikarudisha majani juu yake. Kisha nikaenda kwangu nikapika irio, na nikala vizuri.

Mchwa hawakuniangusha. Baada ya miezi michache walikuwa wamejenga njia zao za udongo ukutani hadi dirishani. Kingori alichimba kwa jembe, akasimama akitikisa kichwa.

"Ati mchwa!" alisema. "Ngendo, hii nyumba yako iko na mchwa. Siwezi weka mbao yangu hapa."

Ngendo alilia. Mimi nilimpa pole, na ninyi mnaosikia hili mnaweza kunifikiria mnavyotaka. Nilimwambia Kingori sebule yangu ni kubwa, ina mabati mazuri na dirisha la upande wa jua. Akakubali.

Kwa vile mbao zilikuwa bado zinakauka na mikono yake haikuwa na kazi, aliitumia miezi hiyo kwa Ngendo. Aling'oa nguzo zilizoliwa akaweka za mutarakwa, ambazo mchwa hawazigusi. Akamwaga simiti sakafuni, akaweka dari ya mbao, akapaka kuta chokaa. Niliyaona yote hayo. Nilijiambia, mwache apate sakafu, mimi nitapata mwenye sakafu.

Mbao zilipokauka, nilihamisha vitu vyangu mwenyewe. Meza ya kulia, viti na kabati ya vikombe nilivipeleka jikoni, kwenye kile kijumba cha moshi. Kingori alisita.

"Mama Muriithi, tutakula wapi?"

"Tutakula hata tumesimama, Baba Muriithi. Wewe fanya kazi."

Wiki ile ya kujenga meza sijapata nyingine kama hiyo maishani. Watoto walikuwa shuleni, tulikuwa wawili tu. Alisimama wima, mikono ikining'inia, nami nikapima kwa kamba kutoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono wake, ili meza isimuumize mgongo. Alichimba matundu ya miguu kwa patasi, akachonga ndimi za kuingia humo, na kila alipojaribu ulimi ukakataa aliutoa, akaupunguza kidogo kabisa, akajaribu tena. Mimi nilishika upande wa pili. Mara nyingine aliniambia, "Sukuma," na mara nyingine, "Shikilia hapo hapo, usipumue," nami sikupumua. Vigingi vya kufungia viungo aliniachia nigonge viwili. Alipomaliza alifunga jiriwa ya Huseni pembeni, akaikumbatia meza kwa mikono yote miwili, akaisukuma kwa bega. Haikusogea hata unywele. Alicheka kama kijana.

Ngendo alikuja na uji kwenye kibuyu. Akaipapasa meza.

"Mama Muriithi, kumbe umepata," alisema.

"Nimepata," nikajibu. Usiku ule nililala nikitabasamu gizani.

Kazi zikaja. Viti vya shule ya Harambee, milango, makabati ya walimu. Kutwa nzima nilisikia randa ikiimba, na kila nilipoingia nilimkuta pale pale, kichwa kimeinama. Nilipozungumza alijibu "Mm." Nilipouliza alisema, "Ngoja nimalize huu mstari." Nilijiambia ndivyo mafundi walivyo.

Kisha koti lake la Jumapili lilihama. Lilikuwa limetundikwa mlangoni pa chumba chetu, likashika vumbi la mbao, akasema litakaa vizuri zaidi kule juu kwa Ngendo. Nilinuna siku mbili. Ikafuata redio, kwa sababu vumbi liliingia ndani ikaanza kukoroma. Ikafuata Biblia yake na miwani ya kusomea. Mimi nilifagia kwa hasira asubuhi, mchana na jioni, na maranda yakarudi kila mara yakiwa mengi kuliko mwanzo.

Mbao za wateja nazo zilihitaji mahali pakavu. Ziliingia chumbani, kwanza ukutani, baadaye chini ya kitanda, mwisho juu ya upande wake wa kitanda, kwa siku chache tu, alisema. Zilipotoka zikaingia nyingine. Zamu yangu ilipofika alikohoa, akasema harufu ya vanishi inamshika kifua.

Jioni moja nilimletea githeri. Alitafuta pa kukaa, hakupata. Akala vijiko viwili amesimama, akatoa mdomoni ganda refu la mbao lililojikunja.

"Hii chakula iko na maranda," alisema bila hasira, na akairudisha sahani juu ya meza.

Nikamwambia, "Njoo basi jikoni."

"Kule kuna moshi, Mama Muriithi. Macho yangu nayo yanaanza kuwa kama ya Huseni."

Alikung'uta suruali. Akapanga patasi zake kwa ukubwa, akafunika meza kwa gunia, taratibu, akiivutia pembe zote nne. Akaniuliza kama nitafunga dirisha vizuri kwa sababu mvua inakuja. Nikasema nitafunga. Alikuwa mchangamfu, kazi ilikuwa imeenda vizuri, na hakuwa na nia mbaya yoyote moyoni, hilo naweza kuliapia. Ingekuwa afadhali kama angekuwa nayo.

"Haya, leo imetosha," alisema, akivua aproni na kuitundika kwenye msumari. "Acha sasa niende nyumbani."

Akatoka, akapanda njia ya kuelekea juu. Mimi nilibaki na ufagio mkononi, ndani ya nyumba ambayo mimi na yeye tuliijenga kwa mikono yetu mwaka tulipotoka kwenye kijiji cha Emajensi walikotufungia Wazungu, ya kwanza tuliyowahi kuiita yetu.