Sweta la Tundu Moja

Ilikuwa siku ya sita mjukuu hajavuka kizingiti. Mkono wake wa kulia uliovunjika ulikuwa kwenye plasta, umefungwa kifuani ndani ya sweta, na mkono wa sweta ukining'inia mtupu. Watoto wa nje walimchungulia dirishani, wakampachika jina: Kono Moja.

"Nitatoka mwanangu akipata sweta," mjukuu alisema, akimbana mwanasesere wake kwapani.

Bibi akaidaka ahadi hiyo kabla haijapoa, akatoa sindano zake za kufumia.

Alichagua sweta la duara. Unaanza katikati ya mgongo, unazunguka, linapanuka kama sahani. Ukifika mabegani unaacha matundu mawili ya mikono, kisha unazunguka tena hadi ukingo uwe kola. Kazi nyepesi, ila inataka mtu wa kuhesabu. Na kwenye sebule ile hakuna aliyewahi kuhesabu akafika kumi, maana jirani yao, Redio, alikuwa kwenye kochi tangu asubuhi.

"Mwenzangu, umesikia ya mshona viatu?"

"Kaoa?"

"Kaolewa. Mwanamke ndiye kamhamishia kwake, yeye na cherehani yake."

"Makubwa. Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema mapenzi. Mimi naona ni tumbo linaloongea."

Bibi akacheka mpaka uzi ukamponyoka. Akauokota, akazunguka. Alipomaliza kufuma mkono wa kushoto ndipo akaligeuza sweta upande wa kulia. Umefumwa kote, hakuna pa kupitisha hata kidole.

"Nimeacha tundu moja," akasema taratibu. "Umbea wako huo, Redio."

"Usinisingizie. Mdomo wangu, vidole vyako."

"Itabidi nifumue mpaka mabegani. Labda kesho."

Lakini mjukuu alishalichukua. Akamvisha mwanasesere kwa mkono wake mzima, meno yakisaidia. Mkono wa kushoto ukapita, wa kulia akausukumia ndani, kifuani. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Bibi, na yeye ulimkataza kupanda meza?"

"Nilimkataza. Hasikii."

"Mtundu huyu," mjukuu akasema.

"Tundu hana, utundu anao," Redio akadakia.

Mjukuu akafungua mlango mwenyewe. Wakamsikia huko nje, sauti kavu kama ya daktari: "Msimguse. Kavunjika. Mtamwona mmoja mmoja."

"Sasa nikumalizie ya mshona viatu?" Redio akauliza.

"Subiri kidogo," bibi akasema, sikio lake likiwa mlangoni.